Tayarisha Nyumba Yako Kabla ya Siku ya Taabu

Soma kwanza katika Biblia: Mwanzo 41:46-57, Mithali 22:3, Mathayo 25:1-13.

Taabu kubwa haipigi hodi. Mto hujaa, upepo hung'oa mabati, maradhi huingia mtaani, na mara nyingine vita huja bila kutazamiwa. Hayo yote hatuwezi kuyazuia kwa mikono yetu. Lakini liko jambo moja tunaloliona mara nyingi katika kazi ya hospitali, nalo ndilo somo la leo: wako watu wanaookoka katika taabu yenyewe, kisha hufa katika siku zinazofuata. Hufa kwa maji machafu, kwa kukosa dawa waliyoizoea, kwa kufika hospitali wamechelewa. Taabu huwezi kuizuia, lakini siku zile zinazofuata waweza kuzitayarisha leo, ukiwa umeketi salama nyumbani mwako.

1. TAABU ZINAZOJULIKANA KWETU

Usiseme, "Mambo hayo ni ya nchi nyingine." Watu wa Kisangani wameyaona.

Kwanza, mto. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa. Haukuwa umepanda hivyo tangu mwaka 1961, ulipofika mita 6.26. Jimbo letu la Tshopo lilikuwa kati ya majimbo mengi yaliyopata hasara.

Pili, maradhi. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza hapa Kisangani, kikashuka pamoja na mashua na mitumbwi mpaka Mbandaka, kisha kikafika Kinshasa. Maradhi hayo yalisafiri kwa njia ile ile tunayosafirishia samaki na mchele.

Tatu, vita. Wengi wetu tunakumbuka siku sita za mwezi wa sita mwaka 2000, tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu. Mamia ya raia walikufa. Umeme na maji ya bomba vilikatika. Watu walilala chini nyumbani mwao, na aliyekuwa na bidoni moja ya maji alikuwa tajiri. Tena tangu mwezi wa pili mwaka 2023, kwa ajili ya ugomvi wa mashamba kati ya Wambole na Walengola, maelfu ya watu walikimbia nyumba zao, upande wa Lubunga na vijiji vya karibu.

Nne, dhoruba na radi. Nchi yetu ya Kongo ni kati ya nchi zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani.

2. JE, KUJITAYARISHA NI KUKOSA IMANI?

Wako Wakristo wanaosema, "Mimi namtegemea Mungu, sina haja ya kuweka akiba." Ndugu, fikiri habari za Yosefu. Mungu alimjulisha kwamba njaa itakuja. Je, Yosefu aliketi kuomba tu? Sivyo. Alikusanya nafaka miaka saba, na kwa kazi ile Mungu akawaokoa Wamisri, na baba yake Yosefu na ndugu zake pia. Fikiri tena wale wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, wote walimngoja bwana arusi, wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta tu. Sala na bidoni ya maji hazigombani. Mtu anayeomba asubuhi, kisha akachemsha maji, amefanya mambo mawili mema.

3. MFANO WA NYUMBA MBILI

Fikiri nyumba mbili zilizo jirani, karibu na ukingo wa mto. Maji yanapanda, na usiku nyumba zote mbili zinaingiwa na maji mpaka magotini. Watu wote wanatoka salama, wanalala katika darasa la shule.

Mama wa nyumba ya kwanza alitoka na sufuria na godoro. Asubuhi mtoto wake analia kiu. Anampa maji ya kisima kilicho karibu, nacho kisima kile kimeingiwa na maji ya vyoo. Siku ya pili mtoto anaanza kuhara. Mama anasema, "Nisimpe maji, yatamzidishia kuhara." Siku ya tatu macho ya mtoto yameingia ndani, hana machozi tena. Wanapofika hospitali, mwuguzi anatafuta mshipa wa kumtia maji, haupati upesi. Na katika mtaa watu wameanza kunong'ona juu ya bibi mzee aliyelala karibu naye.

Mama wa nyumba ya pili alitoka na furushi moja lililokuwa limetundikwa karibu na mlango, na baba alibeba bidoni moja ya maji yaliyochemshwa. Mtoto wao naye alihara, kwa maana watoto hucheza pamoja. Lakini saa ile ile mama alimpa maji ya chumvi na sukari, akaendelea kumnyonyesha, na mchana wakamfikisha zahanati. Wiki ile ile mtoto anacheza.

Mto ulikuwa mmoja, na maji yalifika kimo kile kile katika nyumba zote mbili. Bibi mzee hakuwa na kosa lo lote. Kilichotenganisha nyumba hizo ni furushi na maarifa kidogo.

4. MAJI KWANZA

Ukiwa huwezi kutayarisha cho chote kingine, tayarisha maji. Mtu mmoja ahitaji karibu lita 4 kila siku kwa kunywa na kupika. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu yahitaji lita 72, yaani bidoni nne za lita 20. Kama huna bidoni nne, anza na moja. Iwe safi, iwe na kifuniko, isiwe bidoni iliyotiwa mafuta ya gari au dawa ya shamba. Badilisha maji yake kila baada ya wiki chache.

Jinsi ya kusafisha maji ya kunywa:

(a) Kama maji ni ya matope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa.

(b) Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, na yaendelee kutokota dakika moja kamili. Kupashwa moto tu hakutoshi.

(c) Kama huna kuni wala makaa, tumia dawa ya klori inayotolewa zahanati. Fuata maandishi ya chupa au ya karatasi yake, wala usizidishe. Ngoja nusu saa kabla ya kunywa.

(d) Chota kwa kikombe chenye mkono. Usitumbukize vidole.

Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko usikitumie kwa kunywa mpaka kimesafishwa na kutiwa klori. Hata kama maji yake yaonekana meupe, usidanganyike. Wadudu wa maradhi hawaonekani kwa macho.

5. FURUSHI LA NYUMBA

Tafuta mfuko imara, uutundike mahali pamoja, pasipo joto, karibu na mlango. Kila mtu wa nyumba apajue, hata mtoto wa miaka saba. Weka ndani yake:

– Karatasi zote za maana: karatasi za kuzaliwa, za ndoa, za kiwanja, karti ya uchaguzi, na karti za chanjo za watoto. Zifunge katika mfuko wa plastiki usioingia maji.
– Dawa za siku saba za mtu mwenye ugonjwa wa siku nyingi: kifua kikuu, Ukimwi, kifafa, sukari, au damu kupanda. Dawa hizi zikikatwa ghafula huleta hatari kubwa.
– Pakiti za chumvi za kutibu kuhara, ziitwazo SRO, na kidonge cha zinki cha watoto.
– Sabuni, kitambaa safi cha kufungia jeraha, na wembe mpya.
– Taa ya mkono na mawe yake, na kibiriti kilichofungwa katika plastiki.
– Chandalua. Baada ya mafuriko mbu huwa wengi, na malaria huongezeka.
– Fedha kidogo za kulipa mtumbwi au pikipiki.
– Chakula kisichoharibika upesi: mchele, maharagwe, karanga, samaki wa chumvi, chumvi na sukari.

Huna fedha za kununua vyote kwa siku moja? Nunua kitu kimoja kila wiki. Wiki hii sabuni, wiki ijayo kibiriti. Kidogo kidogo furushi litajaa. Dawa na chakula vibadilishwe kabla ya kuharibika.

6. MANENO YA KUPATANA NYUMBANI

Jioni moja, baada ya chakula, baba na mama waketi pamoja na watoto, wapatane mambo manne.

Kwanza: tukitawanyika, tutakutania wapi? Chagueni mahali palipo juu, panapojulikana na wote, kama kanisa au shule. Chagueni pa pili pia, kama pa kwanza hapafikiki.

Pili: nani atambeba nani? Mtoto mchanga, mzee asiyeona, mgonjwa asiyetembea, kila mmoja awe na mtu wake. Kazi ya wote mara nyingi haifanywi na mtu.

Tatu: kila mtoto ajue kutaja jina lake lote, majina ya wazazi, na mtaa wake.

Nne: mama mwenye mimba atafikaje hospitali? Hapa tunasema hasa na ninyi mnaokaa Lubunga. Mnajua kwamba hakuna daraja juu ya mto Kongo hapa kwetu. Mama akishikwa na uchungu usiku, na mto umejaa, kuvuka ni hatari. Basi siku zake zikikaribia wakati wa maji mengi, avuke mapema, akae kwa jamaa karibu na hospitali. Ni afadhali kungoja wiki mbili kwa shangazi kuliko kuzaa katikati ya mto.

7. KUUTAZAMA MTO

Mto wetu mara nyingi hupanda karibu na mwisho wa mwaka. Maji yake hutoka mbali, katika Lualaba na mito ya Maniema, hata mto waweza kupanda kwetu bila mvua kunyesha hapa. Lakini kwa kawaida hupanda polepole, siku kwa siku. Basi waweza kuonywa ukitazama.

Simika mti ukingoni, uukate alama kila urefu wa kiganja. Kijana mmoja autazame kila asubuhi, akaandike. Maji yakipanda alama kwa alama siku tatu mfululizo, usingoje yafike mlangoni. Inua magunia na vitanda, funga mbuzi na kuku mahali pa juu, peleka wazee na watoto kwanza. Vijito vya mtaani na makorongo si kama mto mkubwa. Hivyo hujaa kwa saa moja baada ya mvua kubwa. Aliyejenga karibu navyo asilale usingizi mzito usiku wa dhoruba.

Wazee wa Kilokele walikuwa na ngoma ya kusema, ya gogo lililochimbwa ndani. Bwana John Carrington, mmisionari wa Baptisti aliyefanya kazi Yakusu, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Habari ilifika kijiji cha chini kabla mtumbwi haujaondoka. Siku hizi tuna simu, lakini simu huzimika na umeme hukatika. Mkubwa wa mtaa na wazee wa kanisa wapatane alama moja ya hatari, kengele au ngoma, nayo isipigwe kwa mchezo.

8. SIKU YA TAABU YENYEWE

Maji: usivuke maji yanayokwenda kwa nguvu, hata kama yanafika magotini tu. Tembea kwa fimbo, upime mbele yako. Nyoka nao hukimbia maji, huingia nyumbani. Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje, usinyonye jeraha, usimfunge kamba kwa nguvu. Mlaze, funga mguu kwa kijiti usitikisike, mpeleke hospitali kwa kubebwa.

Umeme: waya iliyoanguka usiiguse, wala usimguse mtu aliyeshikwa na umeme mpaka umekatwa.

Radi: toka mtoni, toka shambani, usisimame chini ya mti ulio peke yake. Ingia katika nyumba. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini mwake. Mshike bila hofu. Kama hapumui, mwenye kujua kusaidia pumzi na kukandamiza kifua afanye hivyo mara moja. Wengine hurudi kuwa hai wakisaidiwa upesi. Wanaosimama mbali wakitafuta mchawi humwacha ndugu yao afe.

Vita: lala chini, mbali na madirisha, nyuma ya ukuta mnene. Usiguse bomu lililobaki, waonye watoto sana.

Moto wa makaa: usiwashe mbabula katika chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa haina harufu kali, nayo huua watu wakiwa usingizini.

9. SIKU ZINAZOFUATA

Sasa tumefika penye kiini cha somo.

Choo: kama vyoo vimeharibika, chimbeni shimo siku ile ile, mbali na kisima hatua thelathini au zaidi, mahali palipo chini kuliko kisima. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

Kuhara: mtu akianza kuhara, anza dawa hii nyumbani bila kungoja. Kama una pakiti ya SRO, itie katika lita moja ya maji safi. Kama huna, fanya hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Kuhara kukiwa kama maji ya mchele, au macho yakiingia ndani, au mtoto akilegea, mpeleke upesi mahali pa kutibu kipindupindu, naye anywe njiani.

Muhogo: hili wengi hawalijui. Wakati wa njaa au wa kukimbia, watu hufupisha siku za kulowesha muhogo mchungu. Sumu hubaki ndani yake. Akila hivyo wiki nyingi bila samaki, maharagwe wala nyama, mtu aweza kupooza miguu ghafula, wala haponi kabisa. Ugonjwa huu huitwa konzo, na dakitari Trolli aliuandika habari zake mwaka 1938, jinsi ulivyoonekana kwa watu wa Kwango. Hasa hupata watoto na wanawake. Basi hata siku za shida, lowesha muhogo siku tatu au nne kamili, kisha uanike vizuri.

Moyo: mtu aliyepoteza nyumba au mtoto aweza kukaa kimya, asile, asilale. Msimcheke, wala msimwambie kwamba ni adhabu ya dhambi zake. Kaeni naye, mpeni kazi ndogo, ombeni pamoja naye.

Jirani: msiba mkubwa hutafuta wa kulaumiwa. Wazee na watoto yatima wamefukuzwa, hata wameuawa, kwa kuitwa wachawi baada ya maradhi kupita mtaani. Mkristo asishiriki neno hilo. Swali la kuuliza ni hili: tulikunywa maji ya wapi?

10. MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, usikifunge kijitabu hiki na kusema, "Maneno mazuri." Simama sasa, utazame nyumba yako. Bidoni iko wapi? Karatasi za watoto ziko wapi? Ikiwa maji yataingia usiku huu, nani atambeba bibi? Ukikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha mwendee jirani mjane, asiye na kijana wa kumsaidia, umtundikie furushi lake naye.

MASWALI

1. Kwa nini watu wengine huokoka katika mafuriko, kisha hufa baadaye?
2. Nyumba ya watu wanne yahitaji lita ngapi za maji kwa siku tatu?
3. Taja vitu vitano vya furushi la nyumba. Kwako viko vingapi?
4. Chumvi kiasi gani na sukari kiasi gani hutiwa katika lita moja ya maji?
5. Je, ni hatari kumgusa mtu aliyepigwa na radi?
6. Muhogo mchungu huloweshwa siku ngapi, na kwa sababu gani?
7. Jamaa yako mtakutania wapi mkitawanyika?

Kazi ya wiki hii: swali la saba mlijibu nyumbani pamoja na watoto, kabla ya ibada ya Jumapili.